Kenta ya Mikidadi, Kirikuu ya Twaha

Chiola, Nachingwea
6 Julai 2024

Mjomba Fidelis,

Shikamoo. Sasa hivi tu, kabla sijashika hii kalamu, Lusia ameinuka mkekani akakimbilia mlangoni mikono juu, anaita baba, baba. Moyo ukaniruka. Kumbe ni mnunuzi wa kuku, kavaa kofia kama ya Eusebio. Yule kaka akamnyanyua, akamrusha kidogo, akamshusha, akauliza kama tuna jogoo wa kuuza. Nikamwambia hatuna. Lusia amerudi mkekani anacheka. Mimi nimeona bora nikuandikie leo leo, maana kila siku nimekuwa nikisema kesho.

Huku sote tunaendelea. Mama anakusalimia, goti linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anasahau. Vijana wanapulizia salfa kwenye mikorosho, basi kila nguo imekuwa ya njano na Jumapili kanisani tulipiga chafya mpaka padri akacheka. Najua simu huisikii. Eusebio anasema ukipigiwa unajibu nzuri, nzuri, hata kama umeulizwa umekula nini. Ndiyo maana naandika. Bakary, kondakta wa basi la Ruangwa, amekubali kubeba barua zetu.

Sasa jambo lenyewe. Fedha ya ufuta wa shamba la Bibi imeingia. Mama hajaigusa. Anasema mali hii ni ya upande wetu, na upande wetu anayesema ni mjomba, kwa hiyo mpaka utamke. Inatosha gari moja la mzigo, haitoshi mawili.

Twaha wa Nachingwea mjini anauza kirikuu yake, kile kigari kidogo cha mzigo chenye pua fupi. Inatumia petroli. Eusebio ananiambia wewe umeshaiona Kenta ya Mikidadi hapo Ruangwa, lori la tani tatu, dizeli, na umeipenda. Mjomba, nitasema wazi kabla aibu haijanishika. Kenta ikinunuliwa itafanya kazi huko, na Eusebio atabaki huko. Kirikuu ikinunuliwa itafanya kazi huku, itabeba makopa yangu ya mihogo kwenda sokoni, na Eusebio atarudi nyumbani kuiendesha. Tangu aondoke baada ya kuvuna ufuta, mtoto ameita baba watu wengi.

Sisemi uchague ninachotaka mimi. Nasema tupime, gari lipi linakula kidogo, kisha utamke.

Mpwa wako,
Aurelia


Ruangwa
21 Julai 2024

Mpwa wangu Aurelia,

Marahaba. Barua imefika na harufu ya dagaa, nadhani Bakary aliilaza juu ya mzigo wa mtu. Nimeisoma mwenyewe, halafu Eusebio akanisomea tena kwa kupaza sauti, kwa hiyo majirani nao wanajua habari za mnunuzi wa kuku. Alipofika hapo alisimama kusoma, akasema anakwenda kuangalia moto. Moto ulikuwa haujawashwa.

Mimi sijambo. Mguu mzima, macho mazima, masikio unayajua. Tangu mke wangu atutoke nyumba ilikuwa kimya, lakini huyu mumeo tangu aje anagonga sufuria kama anatengeneza bati. Ugali wake una mabonge. Ninaula.

Sasa gari. Nilianza utingo kabla mama yako hajaolewa, nikawa dereva, nikawa fundi, na masikio yangu yalibaki kwenye injini za dizeli, sijutii. Nisikilize. Dizeli ni mzee. Asubuhi anakohoa, lakini akishapata moto anapanda kilima na mzigo wake bila kulalamika. Petroli ni kijana, anaondoka kwa mbwembwe, katikati ya kilima anaomba maji. Kwenye mzigo mzito lita ya dizeli inakwenda mbali kuliko lita ya petroli, na bei kwenye sheli za mafuta zinakaribiana. Dizeli haina plagi za kubadilisha. Injini yake inazunguka polepole, kwa hiyo inazeeka polepole. Sikufichi, pampu au nozeli ikifa utalia, lakini haifi kwa mtu anayechuja mafuta yake.

Halafu kazi. Hapa watu wanajenga. Mawe, mchanga, kokoto, kila siku. Eusebio sasa ni deiwaka, anaendesha gari la mtu siku mwenyewe akipenda. Kenta ya Mikidadi ingekuwa yenu. Na nyumba yangu ina vyumba vitatu. Wewe na mtoto mnaweza kuhamia hata mwezi huu.

Lakini umesema tupime, na neno hilo nimelipenda. Basi usiniletee hadithi za haili sana. Jaza tangi mpaka shingoni. Beba mzigo. Ukifika jaza tena mpaka shingoni. Kilichoingia ndicho kilicholiwa. Kisha gawanya kwa magunia, ujue gunia moja limekunywa kiasi gani. Fanya hivyo kwa kirikuu, fanya hivyo kwa Kenta yoyote, uniandikie.

Msalimie dada yangu. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto, asimsikilize mtu wa mafuta ya kupaka.

Mjomba wako,
Fidelis


Chiola
10 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Lusia ameota jino la nyuma, hatukulala. Mama amekanda goti kama ulivyosema na amenituma nikuambie limekubali, ila mafuta ya kupaka bado anayapaka, nisikwambie. Nimekwambia.

Nimepima. Nilimkodi Twaha na kirikuu yake kubeba makopa yangu, magunia kumi, kutoka hapa nyumbani mpaka sokoni Nachingwea. Alipofika hapa nilikuwa na dumu langu la petroli na kifuniko cha mpira nilichokikata kama faneli ya kumiminia. Nikajaza mpaka shingoni mwenyewe. Twaha akawa ananicheka, anasema Mama Lusia unanywesha gari kama unamnywesha mtoto uji. Harufu ikanipanda, nikaenda kutapika nyuma ya choo, nikarudi nikamalizia. Nachingwea tukajaza tena pale sheli. Zimeingia lita nne.

Juma lililofuata nikakodi Kenta ya bwana mmoja wa Ruponda, magunia yale yale kumi, njia ile ile, nikafanya vile vile kwa dumu la dizeli niliyoagiza mjini. Zimeingia lita saba.

Kwa hiyo Mjomba, kirikuu imekula lita nne na Kenta lita saba kwa mzigo uleule. Nimegawanya kwenye karatasi, nikagawanya tena kwa vijiti mbele ya Mama ili asiseme nimependelea. Jibu halibadiliki.

Kuhusu kuhamia huko, nashukuru sana. Lakini nikija na Lusia, Mama atabaki na nani? Na mikorosho ya Bibi? Mama anasema yeye hahami, alizaliwa kwenye udongo huu na goti lake linaujua. Kwa hiyo naomba uangalie hizo lita.

Aurelia


Ruangwa
25 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Naanza na jambo ambalo hukuniuliza. Wewe umekulia kwenye gereji yangu. Ulikuwa ukicheza chini ya magari, ukinuka petroli kuliko sabuni, na hukuwahi kutapika. Harufu hiyo haimtapishi mtu wa ukoo wetu isipokuwa kwa sababu moja, na mama yako ilimtokea vilevile. Sitauliza. Nimemwangalia Eusebio, naona naye hajui. Kunywa maji, usibebe magunia.

Sasa hesabu yako. Nimecheka mpaka Eusebio akaja kuona kuna nini. Unasema Twaha alipofika kwako ndipo ukajaza. Je, gari lilifikaje Chiola? Liliota uani kama uyoga?

Hili ni kosa la watu wote wa huku, si lako peke yako. Sisi tukikodi gari tunapatana safari ya mzigo tu. Gari kuja likiwa tupu, au kurudi likiwa tupu, tunasema hiyo ni shauri ya mwenye gari. Toka nikiwa utingo ni hivyo, mtu anapatana kwenda, hakuna anayetaja kurudi. Lakini sasa, Aurelia, mwenye gari ni wewe. Ile safari tupu itakunywa mafuta yako. Wengi wamenunua magari huku wakayauza kwa kilo kama chuma chakavu kwa sababu ya safari hiyo.

La pili. Umepima Kenta kwa magunia kumi. Huko ni kumpima punda kwa kumbebesha kikapu cha mayai. Kenta inabeba thelathini na tano bila kuguna. Pima ikiwa imejaa, kwenda na kurudi, ndipo tuzungumze.

Mikidadi amekubali kuningojea mpaka mwisho wa Septemba. Kuna mwingine anaitaka.

Hapa hakuna jipya. Eusebio amejifunza kunisemea sikio la kushoto, ndilo lililobaki na uhai. Jioni tunakaa nje ananieleza habari za barabarani. Anajua kusimulia huyu kijana. Jana alinieleza ugomvi wa matingo wawili wakigombania kiti cha mbele, nikaona kama nipo.

Fidelis


Chiola
14 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Umejua kabla ya mume wangu. Nimempigia Eusebio nikamwambia. Akaniuliza kama nina chumvi ya kutosha nyumbani. Ndivyo alivyo akifurahi, anauliza kuhusu chumvi.

Kuhusu uyoga, ulisema kweli. Nimeona aibu. Nimepima upya, kwenda na kurudi. Nikawashawishi akina mama wa hapa na wa Ruponda tuunganishe mizigo ili ile Kenta ijae. Wengine walileta makopa, wengine mbaazi, mmoja alileta kitanda. Tukapata thelathini na tano. Na ni kweli Mjomba, sitaficha. Kenta ikijaa, gunia moja linakunywa karibu nusu tu ya lile la kwenye kirikuu, hata ukiweka na safari tupu ya kila moja. Dizeli imeshinda. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu na mkono haukupenda.

Lakini naomba unisikilize na mimi kidogo. Ili ijae ilibidi ilale hapa kwetu, tunangoja mzigo wa Ruponda. Dereva alikula kuku wangu, ambaye sikumuuza hata kwa yule mnunuzi. Mbaazi za mama mmoja zililowa kwa umande. Na tulipofika sokoni na magunia yote kwa mpigo, wachuuzi wakatuona wengi wakashusha bei. Huku kwetu mzigo haupatikani kama mchanga wa huko. Mtu ana magunia mawili leo, matatu wiki ijayo. Kenta itakuwa inangoja, na gari linalongoja halina hesabu ya lita, linakula kuku.

Halafu lile la kurudi. Nililala nikiliwaza, maana ulinitia hofu. Asubuhi nikamfunga Lusia mgongoni nikazunguka maduka yote ya Chiola. Nikawauliza soda zenu zinakujaje? Kwa bodaboda, kreti mbili mbili. Saruji? Bodaboda, mfuko mmoja mmoja, mingine inapasuka njiani. Bati? Mtu anakodi gari zima kwa bati kumi. Nikawaambia je, kama kuna gari linalorudi hapa kila siku ya soko, mngelipa? Maduka matatu yamekubali mbele yangu. Mmoja akanitania, akasema Mama Lusia umekuwa wakala wa gari usilo nalo. Nikamwambia nalitafutia kazi kwanza, kama watu wanavyomtafutia mtoto mchumba kabla hajazaliwa. Akacheka, lakini alikubali.

Kirikuu inajaa kwa kreti na mifuko ya maduka matatu. Kenta haijai, itarudi na sakafu ikilia. Kwa hiyo kirikuu italipwa kwenda na italipwa kurudi. Lile jambo uliloniambia linaua magari huku, kwa gari dogo tunaweza kulishinda. Na korosho zikianza mwezi ujao, wakulima wa ndani huku wanahitaji kitu kidogo cha kupita kati ya mikorosho mpaka ghala la chama cha msingi cha ushirika. Kenta inavunja matawi, watu hawaitaki shambani.

Tena mafuta yenyewe, huku dizeli hakuna. Vijijini wanauza petroli ya bodaboda kwenye chupa.

Mjomba, sitaki kukudanganya kwamba nahesabu lita tu. Eusebio nikimuuliza anasema msikilize mjomba. Nikimuuliza yeye anataka nini anasema msikilize mjomba. Basi nakusikiliza. Tamka.

Aurelia


Chiola
12 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umenyamaza. Mwisho wa Septemba umepita, Mikidadi sijui amesema nini, na Eusebio kwenye simu anajibu kwa kifupi kama mtu anayeangaliwa. Nikasema labda nimekukosea adabu kwenye barua ile, kumwambia mkubwa tamka. Kama ni hivyo, nimepiga magoti.

Jana nilikwenda stendi Nachingwea kumuuliza Bakary kama barua aliifikisha. Akasema aliifikisha mkononi kwako. Nikamuuliza mbona hujibu. Akaanza kufunga mizigo ambayo ilikwishafungwa. Nikamkalia pale pale mpaka akasema. Anasema ulikuwa unavuka barabara pale sokoni, bodaboda ikakupigia honi, ikapiga tena, wewe ukaendelea kutembea. Ikakugusa mguu. Anasema hukuvunjika, ila wiki nzima Eusebio amekuwa akikupeleka chooni, na umewakataza wote wasituambie.

Nimerudi nimekaa na barua zako zote mapajani. Umeniandikia habari za pampu, za nozeli, za plagi, za mawe na mchanga. Nimezisoma tena zote. Umeandika mambo mengi sana ya dizeli, Mjomba.

Nimemsomea Mama. Aliendelea kumenya mihogo. Nikajua anawaza kwa sababu alikuwa anamenya hata iliyokwishamenywa. Kisha akasema niandike maneno yake kama yalivyo, nisiongeze. Anasema:

"Mwambie kaka yangu huku hakuna wa kumpigia honi."

Ni hayo tu. Mimi naongeza moja, ingawa amenikataza. Chumba cha upande wa mikorosho kina bati jipya, na hakina mtu.

Lusia anasema pole kwa babu. Kwa kweli hajasema, alikuwa anakula, lakini angejua angesema.

Aurelia


Ruangwa
27 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na simama, usipige magoti katika hali hiyo.

Mguu umepona. Niliteleza kidogo na pikipiki ikawa karibu. Bakary ana mdomo mpana kuliko mlango wa basi lake. Yule kijana wa bodaboda amekuwa akija kila siku na maembe, mwisho nikamwambia nimekusamehe tangu embe la kwanza, acha sasa.

Nilikwenda kwa Mikidadi. Nilikwenda mwenyewe, na fimbo. Nikamwambia aiuze Kenta yake kwa yule mwingine. Akacheka sana mzee yule. Tulikuwa matingo pamoja, kwa hiyo ananifahamu. Akasema:

"Fidelis, miaka yote unawatukana watu wa petroli, leo umeshindwa na kibiriti chenye matairi?"

Nikamwambia sikushindwa na kibiriti. Nimeshindwa na kreti za soda.

Ndivyo ilivyo. Nimekaa na ile barua yako muda mrefu, si kwa hasira. Nilikuwa natafuta kosa kwenye hesabu yako. Nilitaka sana kuliona. Nilihesabu kwa mdomo, nilihesabu kwa kokoto, nikampa Eusebio ahesabu. Kwa barabara ndefu na mzigo mzito dizeli ni dizeli, nitazikwa nikisema hivyo. Lakini kwa magunia kumi kwenda na kreti kurudi, siku za soko, njia ya Chiola, petroli ndiyo inayofaa. Natamka: nunueni ya Twaha. Mama yako atoe fedha.

Sasa masharti, na mumeo nimemkaririsha. Petroli ya chupa za barabarani msiiguse, wanachanganya na mafuta ya taa, itawaulia plagi. Nunueni sheli, mbebe dumu lenu. Oili ibadilishwe kabla haijawa nyeusi, msingoje mwezi uishe. Magunia kumi ni mengi kwa kitoto kile, pakieni manane, hayo mawili yatawaokolea springi na matairi. Kabla ya kumpa Twaha hata senti, injini iwashwe ikiwa baridi, siyo awe ameizungusha mtaa kwanza ije ya moto ikijifanya nzuri. Nawajua wauzaji, nimekuwa mmoja wao.

Eusebio anakuja Jumatatu. Amefunga begi lake toka Ijumaa, analiruka kila akipita mlangoni. Nimemwambia aondoke tu mapema, ananitia kizunguzungu.

Kuhusu maneno ya dada yangu, mwambie nimeyasikia. Nitakuja kuiangalia hiyo injini, maana Eusebio ni dereva, si fundi. Siku chache. Nina kasha la spana, ni zito na ni pana. Nipimie mlango wa hicho chumba uniambie kama litapita.

Fidelis


Stendi ya Nachingwea
16 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nimekaa juu ya gunia, karatasi nimeiweka kwenye boneti ya kirikuu, bado ina joto na herufi zinacheza. Lusia yupo kwenye kiti cha dereva. Sasa hivi amevuta kile kijiti cha waipa, zikaanza kupangusa jua kwenye kioo, akaogopa, akacheka, akavuta tena. Baba yake anamkataza kwa sauti ya mtu asiyekataza.

Gari tumelinunua. Twaha alilileta likiwa la moto, kama ulivyosema. Eusebio akakaa kwenye msingi wa nyumba akasema tunangoja lipoe. Twaha akasema mna haraka au hamna? Mama akamletea uji, akamwambia kunywa mwanangu, gari nalo linapumua. Tukangoja. Lilipopoa likagoma kuwaka mara mbili, ya tatu likawaka. Twaha akapunguza bei bila kuombwa. Plagi zote nne... hapana, Eusebio ananisahihisha dirishani, ni tatu, injini yake ina tatu. Zote tumebadilisha.

Hesabu ya kazi ni hii. Siku za soko tunakuja na makopa au korosho, tunarudi na vitu vya madukani. Wiki ya kwanza ilituangusha, pancha mbili na duka moja likajitoa likasema bodaboda wake ni shemeji. Wiki hii limerudi, shemeji kavunja chupa za soda. Kinachobaki baada ya petroli na oili si kikubwa, lakini kinabaki. Nilimwonyesha Mama, akasema kinachobaki kila wiki ni mtoto anayekua. Yule mwingine tunamtarajia mwezi wa tatu. Sitapiki tena, naweza kusimama sheli kama mwanaume.

Eusebio anajifunza kukaa nyumbani. Siku za kwanza alikuwa akipiga hodi kwenye chumba chake. Jioni anakaa nje na Mama na hana la kusimulia, kisha anasema mjomba angekuwepo angeuliza kuhusu kile kilima cha Chiola, halafu anasimulia kilima chote kana kwamba umeuliza.

Jumamosi ijayo anakuja Ruangwa kukuchukua. Usipande basi, mguu huo usikunjwe kwenye viti vya Bakary. Utakaa mbele, kasha la spana litakaa nyuma. Mlango nimeupima kwa upana wa mikono, Eusebio akasema kasha halitapita, nikamwita fundi akaongeza upana. Mama alisimama pale akimwambia ongeza kidogo tena, ongeza, mpaka fundi akauliza mnaingiza kasha au mnaingiza gari? Sasa ni mlango wa ajabu kidogo, lakini unapitisha chochote ulicho nacho. Ukiona umechukua vitu vya siku chache tu, chukua na vile vingine pia, kirikuu ina nafasi.

Eusebio anasema nikuandikie kwamba injini inagonga asubuhi na anahitaji fundi. Mimi nimeisikiliza, haigongi. Anataka tu uwe na sababu. Mama naye amesema nikuandikie habari ya mikorosho, kwamba anahitaji mtu wa kumshauri. Hajawahi kushauriwa kuhusu mikorosho maisha yake yote.

Bakary ananiita, basi limewashwa na abiria wanamlalamikia. Nimemwambia mstari mmoja tu. Mjomba, wote hawa wanatafuta sababu na wewe unatafuta sababu, na mimi sijasoma sana lakini nataka mtu mmoja aliandike wazi kabla hujafunga kasha lako, kwamba injini haina kitu, hatukuiti kwa ajili ya injini, tunakuita kwa kuwa tunataka uishi nasi.

Aurelia